NANI ANAPIMA DAWA ZETU?

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo toka Bagamoyo mpaka Ujiji. Dawa nazo zilikuwamo. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa amepoteza sanduku lake la dawa mwaka 1867. Wapagazi waliomtoroka walikwenda nalo. Akabaki na homa bila kwinini. Lakini hata dawa iliyofika salama haikupimwa na mtu. Msafiri alimwamini aliyemwuzia, basi.

Siku hizi dawa hufika Tabora kwa gari moshi na kwa lori, nazo zina msimamizi. Ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Tangu mwaka 2003 iliitwa TFDA, ikasimamia vyakula pia. Mwaka 2019 kazi ya vyakula na vipodozi ilihamia Shirika la Viwango. Ofisi ya Kanda ya Magharibi iko Tabora mjini.

Kiwanda kinachotaka kuuza dawa nchini kwanza hupeleka maelezo na sampuli. Wataalamu huyasoma, huipima dawa maabara, na hukagua kiwanda chenyewe, hata kama kiko India. Dawa ikikubaliwa husajiliwa. Ndipo mwagizaji huomba kibali cha kuiingiza. Sindano, glovu na vipimo vya malaria husimamiwa vilevile. Kipimo kibovu kikionyesha kuwa mtoto hana malaria, mtoto huyo atakosa dawa.

Hata dawa iliyosajiliwa huweza kuharibika. Fikiri dawa mseto ya malaria iliyokaa juani mnadani siku nzima. Kwa macho ni ileile, lakini nguvu imepungua. Mama humpa mtoto vidonge vyote, homa haishuki, naye hudhani ni ugonjwa mwingine. Kwa sababu hiyo sheria inataka dawa iuzwe katika jengo lenye kibali, na wakaguzi huzunguka madukani.

Nunua kwenye famasi au Duka la Dawa Muhimu. Soma tarehe ya mwisho wa kutumika. Kusoma unakujua sasa. Dawa yenye alama ya GOT ni mali ya Serikali. Ukiikuta dukani, imetoroshwa.

Dawa ikikudhuru, rudi zahanati na pakiti yake. Mganga atajaza fomu ya manjano. Taarifa kama hizo zikikusanyika, TMDA huweza kuiondoa dawa hiyo nchi nzima.