Pampu ya Klorini Ikishazimwa

Kwenye mradi wa maji, pampu ya dozi haionekani kuwa kitu. Huchota klorini kwenye pipa na kuidunga ndani ya bomba kuu kidogo kidogo. Ndani mna kiwambo kinachokwenda mbele na nyuma, na valvu mbili za gololi, moja ya kuvuta na moja ya kutoa. Kisima kikitoa lita 10,000 kwa saa, na kila lita ikihitaji miligramu 2 za klorini, hizo ni gramu 20; kwa mchanganyiko wa asilimia 1, lita 2 tu kwa saa.

Pampu hiyo yaweza kugonga mchana kutwa isipeleke hata tone. Hipokloriti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye Jik ya kufulia, huoza yenyewe na kutoa viputo vya oksijeni, na joto la kibanda cha bati huuharakisha uozo huo. Viputo vikijaa kichwani mwa pampu, kiwambo hubaki kuminya hewa. Wanaotumia unga wa klorini wana adha yao: mashapo hukaa chini ya gololi, valvu isifunge. Kwa hiyo fundi haamini sikio. Hupima dawa iliyopungua kwenye silinda kwa dakika moja.

Wakati wa kuifungua, vaa kwanza miwani inayoziba pembeni, glavu za mpira na aproni. Tumbukiza mpira wa kuvutia kwenye maji safi, uache pampu ijisuuze. Kisha kata umeme na ufunge swichi kwa kufuli, maana mwenzako hajui kama vidole vyako vimo ndani. Presha ya bomba kuu ingali kwenye mpira wa kutolea: funga valvu ya upande huo, uiachie presha taratibu irudi pipani, ndipo ulegeze nati. Wala usiache dawa imefungiwa katikati ya valvu mbili. Gesi huendelea kuzaliwa humo, na kipande hicho chaweza kupasuka.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo kwenye usafi. Mahali dawa inapoingilia bomba hujenga gamba jeupe la chokaa, na gamba hulainika kwa siki au asidi hafifu. Asidi ikikutana na mabaki ya hipokloriti, hutoka gesi ya klorini, ileile iliyoachiliwa na jeshi la Ujerumani kule Ypres mwezi Aprili 1915. Ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya hewa, hivyo hushuka sakafuni, na fundi amechuchumaa palepale. Suuza kipande kwa maji mengi, kilowekee nje penye upepo, kisuuze tena kabla ya kukirudisha. Ndoo ya asidi isiwe ndoo ya klorini hata siku moja.

Ukishawasha, toa hewa, kisha pima klorini iliyosalia kwenye bomba la mwisho la mtandao. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kidonge cha DPD, cha kupimia klorini, huyageuza maji kuwa ya waridi. Yakibaki meupe, usikimbilie kuongeza dozi: klorini ikizidi mno huichubua rangi hiyo yenyewe. Zimua sampuli kwa maji yasiyo na klorini, upime upya.