Je, Wajua? Vishimo vya Chunusi na Tiba Inayovifaa

Je, wajua kwamba si kila alama ya chunusi ni kovu? Doa jeusi lililobaki kwenye ngozi tambarare hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa, mradi usilichokonoe na ulikinge na jua. Kovu ni pale ngozi ilipobonyea au kuvimba.

Je, wajua kuna kovu linalofanana na tundu la shazia, ile sindano ya kushonea magunia ya mahindi? Mdomo wake haufiki milimita 2, lakini huzama hadi chini kabisa ya ngozi. Mwaka 2001 madaktari Jacob, Dover na Kaminer wa Marekani waliyagawa makovu yaliyobonyea katika aina 3: vitundu vyembamba virefu, mabonde yenye mteremko, na mashimo mapana yenye kingo zilizosimama. Jitazame kwenye kioo, uvute ngozi ya shavu taratibu. Bonde hupotea, kitundu hakiondoki.

Na kina cha kovu ndicho kinachoamua tiba. Kifaa cha vijisindano kinachoviringishwa usoni husaidia mabonde, ila kwa kitundu hakifiki chini. Leza inaweza kusaidia kiasi, lakini kwenye ngozi nyeusi joto lake huweza kuacha madoa yanayokaa miezi.

Je, wajua kijiti cha mbao ni chombo cha tiba? Mwaka 2002 madaktari wa Korea Kusini walieleza njia hii: kijiti kilichochongwa huchovywa kwenye asidi ya trikloroasetiki yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 100, kisha hugusishwa ndani ya kitundu tu. Ngozi hugeuka nyeupe ndani ya sekunde chache, na wiki zinazofuata mwili hujenga kolajeni mpya inayoinua sakafu ya kitundu. Hurudiwa mara kadhaa. Wagonjwa wao 65 wote walikuwa na ngozi ya kahawia, wala si weupe wa Ulaya, na kwa sababu hiyo ningemshauri mtu wa Runazi, wilayani Biharamulo, aulizie njia hii kwanza. Aulizie kwa daktari wa ngozi, si saluni! Tone likimwagika pembeni huacha kovu pana kuliko la mwanzo, au baka jeupe.

Kitundu kipana kidogo hukatwa kwa kisu cha duara, kisha hushonwa uzi mmoja. Ukiwa na historia ya kovu linalovimba, labda pale ulipotoboa sikio, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Je, wajua mkorogo huzalisha chunusi? Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali: ngozi hulainika kwa muda, kisha huwa nyembamba na kutoka vipele. Nyingine zina zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Biharamulo hunasia dhahabu. Huwezi kuziba vishimo vya jana huku unachimba vya kesho. Acha mkorogo, tibu chunusi zitulie, ndipo uanze kuhangaikia makovu.

Je, wajua Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ndani ya hospitali ya KCMC, tangu 1992? Huwafundisha maafisa tabibu wakahudumie ngozi za watu mbali na miji mikubwa. Uliza hospitali ya wilaya, Biharamulo au Ngara, kama yupo aliyepita huko. Asipokuwepo, omba rufaa: Bukoba, kisha hospitali ya Bugando, Mwanza.

Je, wajua kolajeni huendelea kujengeka miezi 3 hadi 6 baada ya tiba? Piga picha kabla, dirisha lile lile, saa ile ile, usihukumu kabla ya muda huo. Hakuna tiba inayofuta kitundu chote. Nzuri hukipunguza kina hadi kivuli chake kisionekane. Anayekuahidi uso mpya kwa wiki moja, usimpe pesa yako.