Je, Wajua? Majaji Walioanza Kuhesabu Kesi

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 1948, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilikuwa na majaji 16, na sita kati yao hawakulazimika kuwa wanasheria? Katiba ya 1947 ndiyo iliyoivunja, ikamkabidhi Jaji Mkuu usimamizi wa mahakama zote za jimbo. Wa kwanza kushika madaraka hayo, Arthur Vanderbilt, alimtaka kila jaji alete ripoti kila wiki: amekaa mahakamani saa ngapi, amesikiliza mashauri mangapi, na yapi yanasubiri uamuzi wake. Naona huo ndio uliokuwa moyo wa mageuzi yale, maana shauri lisilohesabiwa hakuna anayeulizwa habari zake.

Je, wajua kwamba huko si kila shauri lililo wazi huitwa mlundikano? Kila aina ya shauri imewekewa muda wake, na likiupita ndipo huhesabiwa.

Mwaka 2017 jimbo hilo liliacha karibu kabisa kudai dhamana ya fedha. Jaji sasa hupima kama mshtakiwa atarudi mahakamani na kama ni hatari kwa watu. Kati ya mwisho wa 2015 na mwisho wa 2018, mahabusu wanaosubiri kesi walipungua kwa takriban asilimia 44. Anayebaki rumande naye ana saa inayomhesabia: siku 90 za kufikishiwa hati ya mashtaka, kisha siku 180 za kuanza kusikilizwa, ukiondoa vipindi ambavyo sheria inaruhusu visihesabiwe.

Lakini hesabu haijazi viti. Gavana huteua majaji, Seneti huwathibitisha, na kwa desturi isiyoandikwa popote seneta wa kaunti anakotoka mteule anaweza kulizuia jina lake. Februari 2023 upungufu ulifika mahali Jaji Mkuu Stuart Rabner akasimamisha usikilizaji wa kesi za madai na za talaka, isipokuwa kwa nadra sana, katika kaunti sita: Hunterdon, Somerset, Warren, Cumberland, Gloucester na Salem. Majaji waliokuwepo ilibidi kwanza washughulikie kesi za jinai na za ukatili wa majumbani. Aliyegongwa na gari akadai fidia, au mke aliyetaka ndoa ivunjwe ili mali igawanywe, aliambiwa asubiri, bila kutajiwa tarehe.