Dereva, uungwana umeuacha wapi?

Je, ushikapo usukani jijini Nairobi hugeuka simba? Mama aliyebeba mtoto anangoja penye mistari myeupe ya kuvukia, nawe wampigia honi badala ya kusimama! Dereva mwenzako akisimama, wampita kwa kasi bila kujua ni nani anayevuka mbele yake. Hapo ndipo watu hugongwa.

Sheria tunazo. Mnamo Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika matatu. Lakini adabu haifungwi garini na fundi. Hiyo ni juu yako. Ukiona mistari hiyo, punguza mwendo, simama, mwache avuke. Wewe utachelewa kidogo tu. Yeye atafika kwake salama.