Kasi Iliyotengenezwa: Ubora Upimwe kwa Mizani Gani?

Mwaka 2003 video kutoka Japani ilionyesha mchezo wa Super Mario Bros. 3 ukimalizwa kwa takriban dakika 11. Wengi walidhani ni wepesi wa vidole. Walipotambua kuwa imetengenezwa kwa kompyuta, walijiona wamedanganywa.

Kazi hiyo hufanywaje? Programu inayoiga mashine ya mchezo husimamisha kila picha, nazo ni kama 60 kwa sekunde. Mtengenezaji huchagua kitufe cha kubonyeza. Akikosea, hurudi nyuma na kusahihisha. Orodha ya vitufe hivyo ndiyo ushahidi: mwingine akiiendesha, sharti apate matokeo yale yale.

Mwaka huo huo ulianzishwa mkusanyo wa TASVideos, na hapo likazuka swali: je, kazi ya kasi lakini yenye kuchosha yastahili kuchapishwa? Awali iliweza kukataliwa. Mwaka 2012 ikatengewa daraja lake.

Kasi hupimwa kwa saa, bali burudani haina kipimo kimoja. Hata hivyo, sharti moja halina mjadala: chombo kilichotumika kitajwe waziwazi. Bila hilo, rekodi hugeuka ulaghai.