Filamu za wanyama, na sisi watu je?

 

Mwezi uliopita nilipata kibali cha kusafiri, nikaenda Jinja na Mbale siku sita kutafuta vitabu vilivyotumika vya darasa la sita. Vitabu nilipata vichache tu. Lakini mwalimu mwenzangu wa Jinja alinipa flashi yenye filamu mbili kuhusu wanyama wa huku kwetu, zote ziliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kule Marekani. Tulizionyesha Jumamosi mbili kwenye jumba la mikutano, kwa shuka jeupe na jenereta ya kukopa. Mimi ndiye nilikuwa VJ, natafsiri huku picha inaenda, mpaka sauti ikaniisha. Kwa wale waliokosa, na wale waliokuja ila kelele za watoto ziliwazidi, haya ndiyo mambo yenyewe.

Filamu ya kwanza inaitwa Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Ilitoka 2004, mtengenezaji ni Hubert Sauper wa Austria. Inahusu sangara wa Ziwa Victoria. Waganda wanamwita mputa, Wakenya mbuta. Ni samaki mkubwa kweli, anaweza kufika urefu wa mita 2 na kilo 200.

Sasa sikilizeni: sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 wakati wa Waingereza, kutoka maziwa mengine kama Albert. Pale Jinja kulikuwa na kituo cha utafiti wa samaki tangu 1947, na wataalamu wengine wa hapo walipinga. Hawakusikilizwa. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wadogo, wale wanaoitwa furu Tanzania na nkejje Uganda. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na inakadiriwa aina kama 200 za hao wadogo zilipotea.

Filamu ilipigwa Mwanza. Inaonyesha viwanda vinakata minofu, ndege kubwa za mizigo zinaipeleka Ulaya, na watu wa pale wanabaki na vichwa na mifupa, yale mapanki. Kisumu wanayaita mgongo wazi. Inauliza pia kama ndege hizo zilikuja tupu au zilileta silaha za vita vya Afrika. Hapo jumba lote lilinyamaza, si mnajua wenyewe kwa nini.

Filamu iliwania Oscar mwaka 2006 lakini ikashindwa na filamu ya pengwini, ndege wa kwenye barafu. Watoto walicheka sana niliposema hivyo. Lakini mwaka huohuo Rais Kikwete wa Tanzania aliilaumu hadharani, akasema inachafua nchi yake.

Nani mkweli? Nilipokuwa Jinja nilikula samaki na mzee mmoja aliyevua miaka mingi. Nikamsimulia filamu hiyo. Akasema, "Mwanangu, mputa alimaliza nkejje wetu, hiyo ni kweli. Lakini mputa huyohuyo alinijengea nyumba ya mabati, akanisomeshea watoto wanne. Hayo nayo walipiga picha?" Sikuwa na jibu. Nadhani filamu inaweza kusema kweli na bado isiseme yote. Hata sisi tumepigwa picha mara nyingi hapa kambini, na mara nyingi ni siku tuliyopanga foleni ya chakula, siyo siku ya harusi.

Filamu ya pili ni Virunga, ya 2014, mtengenezaji Orlando von Einsiedel, Mwingereza. Hii iliwania Oscar mwaka 2015. Wengi wetu tunaijua hifadhi hiyo ya Kongo bila filamu, tulipita kando yake kwa miguu. Inaonyesha askari wa hifadhi wakilinda gorila wa milimani wakati kampuni ya mafuta inatafuta mafuta eneo la Ziwa Edward, na vita vya M23 vinakaribia. Siku mbili kabla filamu haijaonyeshwa mara ya kwanza, Aprili 2014, mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani. Alipona. Mwezi Juni kampuni ile ilikubali kuacha utafutaji wake.

Watu walimpenda zaidi André Bauma, mlezi wa gorila yatima. Mmoja wao, Ndakasi, aliokotwa 2007 akiwa na miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa. Bauma alimkumbatia kifuani usiku ule ili apate joto. Ndakasi alikufa 2021, mikononi mwa Bauma huyohuyo.

Tulipomaliza, kijana mmoja wa darasa la tano akanyoosha mkono. "Mwalimu, gorila yatima alipata baba. Mimi mbona sikupata?"

Nilisimama tu pale, waya wa jenereta mkononi. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma akamwita, "Kuja hapa, kaa na mimi." Kijana akaenda. Siku hizi namwona anamchotea mama huyo maji, na jioni anakula kwake.

Jumatatu nilimjibu darasani, kwa kadiri nilivyoweza. Nilimwambia swali lake ni la haki, na wakubwa wengi wanalikwepa. Nilimwambia pia askari wa Virunga zaidi ya 200 wameuawa katika kazi hiyo, na wengi waliacha watoto. Kwa hiyo anayemlinda mnyama siyo adui yetu, naye anazika kama sisi. Lakini dunia ikiweza kulia kwa ajili ya gorila, inaweza pia kulia kwa ajili ya mtoto. Tusione aibu kusema hivyo.

Namalizia na Mbale. Asubuhi mawingu yakiondoka unaona miamba ya Wanale, na nyuma yake mlima Elgon. Upande wa Kenya kuna pango la Kitum. Tembo huingia humo usiku, giza totoro, wanapapasa njia kwa mkonga, wanachimba chumvi ukutani kwa pembe. BBC waliwapiga picha kwa ajili ya mfululizo wa The Life of Mammals wa 2002. Ndama hajui njia hiyo. Anaingia nyuma ya mama yake, na akikua anaijua.

Wazazi, kazi ya nyumbani mwezi huu ni yenu. Jioni moja, redio ikizimwa, mwambieni mtoto mnyama mmoja au samaki mmoja wa kwenu: jina lake kwa lugha ya nyumbani, alikaa wapi, mlimpikaje au mlimwogopaje. Watoto waandike nusu ukurasa, wasiojua kuandika wachore. Leteni shuleni kabla ya tarehe 20, tutabandika ukutani. Asiye na mzazi aje kwangu, au amwendee jirani mzee. Msimfukuze.