Mtu wa Chepseon Afikapo Nairobi

Wengi watokao Chepseon kwenda Nairobi huona afisi na stendi ya basi tu, kisha hurudi. Lakini mji una mengine. Bustani ya miti iitwayo Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ikuayo upesi, ipatikane kuni ya gari la moshi. Apandaye mikaratusi ya kukaushia majani ya chai ataifahamu mara moja kazi hiyo. Jumba la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913, lilikuwa afisi ya kuandikisha uzazi, ndoa na vifo. Sasa laonyesha sanaa alizokusanya marehemu Joseph Murumbi. Mkulima alipe kiingilio, aingie bila haya. Kisha anywe chai mkahawani: huenda majani yake yametoka kwao.